Elimu ya mama huzuia ukeketaji, ila si kila mahali

Mwaka 1996, wanawake 18 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa 2022 ulikuta 8. Kenya nao walishuka kutoka 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022. Tafiti za aina hii huonyesha pia kwamba mama aliyesoma, hasa aliyefika sekondari, si mwepesi wa kumpeleka bintiye kwa ngariba. Ndiyo maana wengi husema: msomesheni mama, ukeketaji utakoma. Mimi nakubali nusu.

Singida na Dodoma hoja hiyo ina nguvu. Huko wapo wanaoamini kwamba mtoto wa kike akipata lawalawa, yaani muwasho na maambukizi ya sehemu za siri, dawa yake ni kukatwa. Mama anayejua kuwa maradhi hayo hutibiwa zahanati, tena mwenye nauli mkononi, humwokoa mwanawe. Wengine hukeketwa wakiwa wachanga, kwa siri, ambako sheria ya 1998 inayokataza kukeketa wasichana haifiki kwa urahisi. Hapo anachokijua mama ndicho kinga ya kwanza.

Kwa Wakurya wa Tarime mambo ni mengine. Uamuzi ni wa ukoo, na wazee wa mila ndio wenye neno kuhusu msimu wa kukeketa. Asiyekeketwa huchekwa, na kuolewa kwake huwa mashaka. Mama aweza kuwa na cheti cha kidato cha nne, akazijua hatari zote za kuvuja damu na uzazi mgumu, na bado akashindwa mbele ya mume, mama mkwe na ukoo mzima. Kumwambia mwanamke huyo kwamba tatizo ni ujinga wake ni kumwonea.

Kinachonisumbua zaidi ni Kisii, nchini Kenya. Ni jamii inayothamini shule, lakini mwaka 2014 wanawake 84 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa, na wazazi wengi wameacha ngariba wakawaendea wauguzi. Somo la afya liliwafundisha kuogopa wembe mchafu, wala halikuwafundisha kwamba binti hana kasoro ya kukatwa. Elimu imewapa njia safi ya kutenda uovu uleule.

Tena aliyesoma mara nyingi anaishi mjini na ana kipato chake. Huenda kinachomlinda binti ni kuwa mbali na ukoo, kuliko vitabu alivyosoma mama.

Wasichana wasomeshwe, hilo sina shaka nalo. Lakini semina zinazowaita akina mama peke yao zinambebesha mzigo mtu asiye na kauli ya mwisho. Waitwe pia vijana wanaojiandaa kuoa, watamke mbele ya wazee wao kwamba watawaoa wasiokeketwa. Na muuguzi anayekubali kazi hiyo afikishwe mahakamani kama ngariba.