Kiwanda Kisichouliza Maswali

Mama mkwe wangu anafuga kuku Nkuhungu. Mimi ni fundi wa vitu vya umeme pale Majengo, hapa hapa Dodoma. Kwa mpangilio huo, balaa lilikuwa linatafuta siku tu.

Mashine yake ya kutotolesha vifaranga ilikuwa sanduku la mbao, balbu mbili, na yeye mwenyewe. Yeye ndiye alikuwa kipimajoto: anatia mkono ndani, anasema "limepoa hili," anawasha balbu. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37 na nusu hivi kwa siku 21, usiku na mchana, na Dodoma ya mwezi wa saba usiku baridi inang'ata mpaka mfupa. Alikuwa analala sebuleni na mayai yake kama mtu anayeuguza. Siku moja akaniambia, "Baba, hiyo elimu yako haiwezi kunipatia usingizi?"

Ukiambiwa hivyo na mkwe, unakatalia wapi?

Nikamtengenezea saketi ya majaribio: kihisi cha joto na unyevu, rilei ya kuwasha balbu, kioo kidogo cha kuonyesha namba. Nyaya zilifumana kama kiota cha kunguru, lakini ikafanya kazi. Wiki ya pili majirani wafuga kuku wakaanza kuulizia. Nikaona hapa sasa ni biashara, na biashara haiendi na kiota cha kunguru. Nahitaji bodi zilizochapwa kiwandani, yaani vibao vyenye njia za shaba zinazofanya kazi ya nyaya.

Kwanza nilijaribu mwenyewe. Unachapa mchoro kwenye karatasi inayong'aa kwa printa ya leza, unaulaza kwenye ubao wenye shaba, unapiga pasi mpaka wino uhamie, kisha unatumbukiza kwenye ile dawa ya kahawia inayokula shaba. Nikapata nusu bodi na beseni lenye doa ambalo lipo mpaka leo. Mke wangu akauliza pasi yake ina nini, nikasema haina kitu. Jumapili akapiga pasi gauni jeupe. Nilimwahi mlangoni, vinginevyo angeingia kanisani na saketi mgongoni.

Basi, nikahamia kwenye viwanda. Nilikaa na kompyuta usiku kucha kama mtu anayechagua mchumba. Kuna kiwanda kimoja Ulaya kilikuwa ghali mara kadhaa, ila mchoro wako unaangaliwa na mtu mwenye macho yake mawili. Nikawatumia faili zangu waniambie bei. Faili hizo zinaitwa Gerber, na kila tabaka lina lake: shaba ya juu, shaba ya chini, rangi ya kijani, maandishi meupe, na jingine la matundu. Kesho yake wakanirudishia maswali matatu. La kwanza, tundu moja liko karibu mno na ukingo. La pili, njia mbili za shaba zimebanana. La tatu nililiona kwa mbali tu, kwa sababu tayari nilikuwa nimekasirika. Mimi nanunua ubao, wao wananihoji kama naomba pasi ya kusafiria!

Yale mawili ya kwanza nikayarekebisha kwa kinyongo, na mchoro nikaupeleka Shenzhen, China. Kule hakuna longolongo. Unapandisha faili, ukurasa unakuchorea bodi yako ya kijani, unalipa. Bodi 5, kila upande usizidi milimita 100, dola 2. Bei inakuwa ndogo hivyo kwa sababu mchoro wako unabanwa pamoja na michoro ya watu wengine kwenye ubao mmoja mkubwa, halafu zinakatwa kila moja kivyake, kama mikate. Usafiri wa haraka ndiyo ulikuwa dola 20 na ushee. Nauli imempita abiria. Nikaagiza 10. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wa kufanya nao kazi.

Mzigo ukatua Dar es Salaam, ukapanda basi, nikaupokea stendi ya Nanenane. Sikuvumilia kufika kibandani. Nikaufungulia juu ya bodaboda. Jamani, bodi zilipendeza! Kijani kibichi, kingo zimenyooka, matundu yanang'aa, herufi nyeupe safi kama za Biblia. R1. R2. C1. Na pembeni ya kihisi, kwa herufi kubwa kuliko zote:

9,000 TU. MAMA MKWE ASIJUE.

Kwenye bodi zote kumi.

Hapa nieleze kidogo. Ninapochora usiku huwa najiandikia vikumbusho pembeni ya vifaa. Programu ina tabaka maalumu la vikumbusho, ambalo halipelekwi kiwandani. Mimi kikumbusho hiki nilikiandika kwenye tabaka la maandishi meupe. Na kihisi kile nilikinunua 9,000, ila kwenye hesabu ya mama nilikiandika 30,000. Usinitazame hivyo. Kuna nauli, kuna muda wangu, kuna gauni jeupe.

Nilitaka kuwawakia watu wa Shenzhen, lakini ningesema nini? Walichapa nilichowapa, nukta kwa nukta. Ndipo nikakumbuka lile swali la tatu la Ulaya. Nikafungua barua pepe. "Karibu na kihisi kuna maandishi ya lugha tusiyoifahamu. Je, tuyachape?"

Nikaanza kazi ya kuficha. Bodi ya kwanza niliikwangua kwa wembe. Herufi zikatoka, na rangi ya kijani ikatoka nazo, na njia ya shaba chini yake ikakatika. Ya pili nikaipaka rangi ya kucha, maandishi yakazidi kuonekana, safari hii kwa waridi. Mwisho nikabandika stika nyeupe imeandikwa HATARI UMEME, nikafunga bodi kwenye kasha lenye mfuniko wa kuonyesha, maana mama alitaka aone namba zake akiamka usiku. Nikamkabidhi. Akalala usingizi wiki mbili na nusu mfululizo, akaniombea na dua.

Nilichosahau ni kwamba siku tatu za mwisho mayai yanataka unyevu mwingi zaidi, ili kifaranga asikwame kwenye ganda. Mama akaongeza maji. Gundi ya stika haikuwa imejiandaa kwa maisha hayo.

Siku ya 19 simu ikaita. "Baba, karatasi yako ya hatari imedondoka. Njoo." Sauti ya upole. Nikaogopa.

Nilimkuta na majirani wanne. Nikawaamkia "Mbukwenyi," wakaitikia huku wanatazama chini, mabega yanacheka. Mama akanielekeza kwenye kasha.

"Nisomee hapo, baba. Macho yangu siku hizi hayaoni."

Mama huyu huyu husoma Zaburi kila alfajiri kwa mwanga wa koroboi.

"Hiyo 9,000, mama, ni... namba ya toleo."

"Na TU?"

"Teknolojia... ya Utotoleshaji."

"Ahaa. Na Mama Mkwe?"

Jasho lilinitoka kuliko mayai. Nikasema hilo ni jina la chapa, kama watu wanavyoandika majina ya wapendwa wao kwenye daladala. Nimekuenzi, mama.

"Asijue," akamalizia mwenyewe, polepole. "Asijue nini, sasa?"

"Asijue... shida."

Jirani mmoja akatoka nje akaegemea ukuta.

Vifaranga wakaanguliwa vizuri kuliko miezi yote. Siku ya kunilipa, mama akahesabu pesa taratibu, akatoa ya kasha, ya rilei, ya kioo, na kwa kihisi akaweka mezani noti ya elfu tano na mbili za elfu mbili.

"Majirani nimewaambia walete 30,000 ya kihisi kama ulivyopanga," akasema. "Ila ile 21,000 ya juu utakuwa unaniletea mimi. Si jina langu ndilo limeandikwa? Umesema ni chapa."

Nikasema asante mama. Ningesema nini?

"Zimebaki nane, eeh?"

Nikamwambia saba, moja iliharibika.

"Nane," akasema. "Ya wembe nilishaitoa. Mwanangu aliniambia tangu siku ile ulipochukua rangi yake ya kucha."