Kamera hailindi

"Eneo hili linalindwa na kamera saa 24." Kibao hiki kimeenea malangoni siku hizi, na kila nikikisoma nakereka. Kamera inaona, inarekodi, inahifadhi. Hailindi. Kulinda kunataka mkono wa kuzuia.

Turudi shambani, ambako kitenzi hiki bado kina nguvu zake zote. Mpunga ukianza kujaa punje zenye maziwa, watu wanakwenda kulinda ndege. Sikilizeni msemo wenyewe ulivyokaa: si kwamba ndege wanahifadhiwa wasidhurike. Kinachohifadhiwa ni mpunga, lakini anayetajwa ni adui, kwa sababu kazi yenyewe ni kumfukuza. Mlinzi anapanda dunguni, lile jukwaa la kulindia shamba, kabla hakujapambazuka, maana ndege hushuka kwa wingi asubuhi na tena jua likianza kuinama. Ana kombeo, ana rundo la madongo, ana kamba zilizofungwa madebe: akivuta huku, kelele zinalia kule mwisho wa shamba. Akishuka kidogo tu, kundi la kwelea limeshatua. Dungu likibaki tupu, hata liwe refu vipi, mpunga hauna mlinzi.

Katika kitenzi hicho ndimo lilimotoka lindo, neno ninaloliheshimu sana. Lindo ni kazi na ni mahali kwa pamoja. Ndiyo maana tunasema fulani kakutwa amelala lindoni, na kuacha lindo ni kosa hata kama hakijaibwa kitu. Doria ni jambo jingine, ni kuzunguka. Anayekaa langoni usiku kucha hafanyi doria, yuko lindoni. Kukesha nako ni kutolala tu: watu hukesha msibani, harusini, kando ya mgonjwa. Mtu anaweza kukesha hadi kukucha na asilinde chochote.

Nakubali kwamba picha husaidia kumtambua mwizi, na wapo wanaoghairi wakiiona kamera. Pia akiwapo mtu mbele ya skrini na mwenzake yuko tayari kutoka mbio, hapo ulinzi upo. Lakini wanaolinda ni hao wawili. Naye huyo wa kwenye skrini anahitaji kupokewa mapema. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio aliyowakalisha watu saa 2 wakitazama mshale unaopiga hatua kuzunguka duara, wakisubiri hatua moja moja ambayo ni ndefu kuliko kawaida. Baada ya nusu saa ya kwanza tu, hatua ndefu zilizowapita bila kuziona ziliongezeka. Macho yalikuwa wazi. Makini ndiyo iliyopungua. Mabaharia wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi, ambao kwao tulilipata neno zamu, waliihesabu zamu kuwa saa 3, yaani zamu 8 kwa mchana na usiku. Leo mtu mmoja anakabidhiwa saa 12 na skrini 16.

Makabidhiano ya zamu yenyewe ndiyo yanayoharibika mara nyingi. Anayetoka na anayeingia wazunguke pamoja, washike kila kufuli kwa mkono, kisha ndipo wasaini kitabu. Kusaini kwanza na kuzunguka baadaye ni kupokea kitu ambacho hujakiona. Tochi nayo isiwashwe ovyo, kwa kuwa macho yaliyozoea giza yakipigwa mwanga huchukua dakika 20 hadi 30 kurudi sawasawa.

Kamera haijui hata mojawapo ya haya. Usiku wadudu hupita mbele ya taa zake za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, buibui anatanda utando mbele ya lenzi, na asubuhi rekodi nzima ni ukungu mweupe. Chini kabisa ya nguzo yake pana sehemu isiyoiona. Diski ikijaa, picha mpya zinafuta za zamani. Saa yake ikienda mbele dakika 40, ushahidi unaanza kubishaniwa.

Basi kibao kiandikwe: "Eneo hili linarekodiwa kwa kamera." Na chini yake pawekwe jina la aliye zamu, pamoja na namba ya simu ambayo atapokea saa tisa usiku.