Injini Imebadilishwa, Gari Ni Lile Lile

Datsun 240Z ya 1971 iliyofufuliwa katika gereji moja hapa Nakuru inapelekwa mnadani, na wajuaji wamekwisha kuihukumu: injini si yake. Ile ya lita 2.4 iliyotoka nayo kiwandani ilikufa zamani. Iliyomo sasa ni L28 ya lita 2.8, iliyong'olewa kwenye gari jingine la Nissan, kampuni ile ile iliyounda Datsun. Kwa wanunuzi wa magari haya, namba ya injini ikipishana na ya kiwandani, bei hushuka kabla hata boneti halijafunguliwa.

Hofu yao naielewa. Puti, ile ya kujazia mashimo ya bodi kabla ya rangi, inaweza kuficha kutu ya miaka 20, na anayelipa mamilioni ana haki ya kuja na sumaku yake, aipitishe milangoni aone inaposhika na inapoteleza. Namba zinazolingana humpunguzia wasiwasi kwamba ameuziwa magari mawili yaliyoungwa yakawa moja. Na injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya, humletea mnunuzi taabu isiyomhusu.

Lakini tazama soko linatuza nini. Januari 2020, 240Z nyingine ya 1971 iliuzwa Marekani kwa mnada wa mtandaoni, dola 310,000. Haikuwa imefufuliwa, sifa yake kubwa ni kwamba ilikuwa imetembea maili 21,000 hivi tu. Hesabu hiyo hainitoki kichwani. Ni kilomita 34,000 kwa miaka 49, yaani kama 700 kwa mwaka: Nairobi hadi Kisumu, kwenda na kurudi, mara moja, kisha gari lafunikwa turubai hadi mwaka ujao. Tunaambiwa hilo ndilo gari halisi. Hili la kwetu, lililokula vumbi na kupanda milima hadi injini ikaisha, eti limeharibiwa.

Na jina la 240Z lilijengwa wapi, kama si kwenye vumbi hilo hilo? Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda nayo tena, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye pia akiwa kwenye Datsun. Waliamuliwa kwa nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Magari yale yaligongwa, yakanyooshwa, yakabadilishiwa shoki kando ya barabara huku saa inakimbia. Sijasikia mtu akilidai gari la Mehta boliti za kiwandani.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda asili hawaligusi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabureta mbili za 240Z, zinazochanganya petroli na hewa, zikiachwa kama zilivyopimwa kwa hewa nzito ya pwani, hapa humwaga petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi zimejaa masizi. Fundi akiziogopa kwa heshima ya kiwanda, atamkabidhi mwenyewe gari linalokohoa kuanzia Njoro hadi Mau Summit. Kwa hiyo hata ile ya asili kabisa, ikitaka kutembea huku, lazima ipite mikononi mwa fundi wa huku. L28 yenyewe ni ya ukoo mmoja na injini ya kwanza. Inakaa pale pale bila kukata chuma.

Ningemlaumu mwenye gari kama angeficha. Kusaga namba na kugonga nyingine ni wizi, hata kazi iwe safi vipi. Ila huyu ana risiti za spea na picha za bodi ikiwa imevuliwa rangi yote, matundu ya kutu yakionekana wazi. Hizo azipeleke mnadani zote, bei ya chini kabisa atakayokubali aiweke akijua L28 itamgharimu kitu, asiogope. Na lile bati alilochomelea chini ya kiti cha dereva, siku ya kukagua, aliache bila zulia.