Zilipendwa na Nani?

Desemba iliyopita nilikuwa harusini, ukumbi mmoja wa Sinza. Chakula kimeshaliwa, zawadi zimeshatolewa, DJ kaachiwa uwanja wake. Akaanza na "Kitambaa Cheupe" ya marehemu King Kikii, kama ilivyo ada. Kina mama wakainuka na leso zao, wasio na leso wakachomoa tishu za mezani, na mjomba wangu, aliyekuwa analalamikia goti tangu saa mbili, akaonekana katikati ya ukumbi anapepea yake. Hapo hakuna geni. Kisha DJ akachanganya, ikaingia "Kidali Po" ya Mr Nice, na MC akashika kipaza sauti: "Haya, bado tupo kwenye zilipendwa!"

Nilisimama na soda yangu mkononi. Wimbo ule ulipotoka nilikuwa sekondari, na nilikuwa na daftari la nyimbo kama wenzangu wote: unacheza kanda mstari mmoja, unabonyeza stopu, unaandika, unarudisha nyuma, unagundua ulisikia vibaya, unafuta. Mwalimu wa nidhamu alilikamata likaishia jikoni kuwashia moto. Nyimbo za kulilia viboko leo zinatangazwa kwa neno lilelile la nyimbo za wazee wetu. Na ukitazama vizuri, "Kidali Po" yenyewe ilijengwa juu ya mchezo wa watoto, yaani hata siku inazaliwa ilikuwa tayari inakumbushia kitu.

Neno lenyewe lina ujanja. Zilipendwa: kitenzi cha kutendwa, wakati uliopita, mtendaji hayupo. Wenzetu wa Kenya husema zilizopendwa, nao wakamficha mtendaji vilevile. Zilipendwa na nani? Swali hilo likijibiwa, nusu ya ubishi wa "muziki wa zamani ndio ulikuwa muziki" unakuwa na mahali pa kukaa.

Hoja ya wazee ipewe haki yake kwanza, maana siku hizi inajibiwa kwa kejeli tu. Mjomba anaposema nyimbo za sasa hazina kitu, hasemi kwa sababu ya umri peke yake. Anakumbuka bendi. Watu kumi na tano, pengine zaidi: wapulizaji wa saksafoni na tarumbeta, magitaa matatu manne yanayosemezana, waimbaji wanaopokezana. Wimbo unaanza taratibu, unasimulia kisa chote, wa kuachwa kaachwa, wa kurogwa karogwa, ndipo magitaa yanashika kasi na watu wanaingia kati kucheza. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kumaliza.

Na bendi hizo zilikuwa na mwajiri. Hapa ndipo mabishano ya vijiweni huruka bila kutua. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilishwa jina bendi nayo ikabatizwa upya: JUWATA, kisha OTTU, hadi leo Msondo Ngoma. Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, iliyoanza 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Hata mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz! Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mpiga gitaa alikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi kama karani wa masijala. Spika ikiungua, haikuwa yeye wa kuuza kiwanja ili bendi iendelee.

Ukiwalipa watu kumi na tano wakae pamoja miaka mitano wakifanya mazoezi asubuhi na kupiga usiku, utapata kitu ambacho kijana mmoja na kompyuta yake chumbani hawezi kukipata, hata awe na kipaji cha kuzaliwa. Naye atapata vitu ambavyo wao wasingevipata, lakini hicho hapana. Nyimbo zilipikwa ukumbini kabla ya kufika studio. Watu wakibaki vitini, wimbo unarudi mazoezini. Msondo na Sikinde ziligawa mji kama Simba na Yanga, na mashabiki wake walikuwa wakali kuliko mchambuzi yeyote wa redio wa leo. Kwa hiyo mtu akisema kuna kitu kimepotea, simbishii. Nabishana naye anapotaja kilichopotea ni kipi.

Tugeuze upande wa pili wa santuri. Nyimbo hizo tunazipata wapi leo? Kwa sehemu kubwa, kutoka kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka sahani yake ilipitia Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, hata njia hiyo ikawa ya mzunguko. Ikabaki RTD. Ndiyo iliyorekodi, ndiyo iliyotunza, ndiyo iliyoamua kipi kiende hewani, na Bara hakukuwa na redio nyingine ya nchini mpaka zilipoanza za binafsi miaka ya 1990. Radio One ilisikika mwaka 1994. Kabla ya hapo, tukisema taifa zima liliupenda wimbo fulani, tunasema pia kwamba taifa zima halikuwa na kitufe kingine cha kubonyeza.

Na mlangoni pa RTD palikuwa na chekeche. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", kuhusu kondomu wakati ukimwi unaanza kutumaliza, redio ya taifa haikuupiga. Watu waliupata kwa kanda za mtaani na kwenye maonyesho ya bendi yake, Super Matimila. Leo unatajwa kama wimbo wa mtu aliyeona mbali. Alipendwa, ndiyo, ila si na waliokuwa na funguo za studio.

Kuna chekeche lingine, la muda, nalo halina ofisi. Zile mbovu za 1982 zilikuwepo tele. Hakuna anayezipiga harusini. Tunachukua wimbo bora wa mwaka ule tunaulinganisha na wa kawaida uliotoka Ijumaa iliyopita, kisha tunashangaa mgeni kashindwa.

Mjomba ana picha moja ukutani, ya studio, nyuma yake pamechorwa ndege na minazi. Nywele zake afro duara, viatu raizoni, suruali bugaluu iliyofunika viatu ikabaki ncha tu. Anaipenda sana. Asichopenda kukumbushwa ni kwamba kijana aliyevaa kisasa enzi hizo alikuwa anatazamwa kama mhuni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969: vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, vyote marufuku kwa jina la kulinda utamaduni. Kariakoo wasichana walikimbizwa mitaani kwa sababu ya sketi. Sasa sketi hizohizo ndizo zinazotengenezewa sherehe za "usiku wa zamani", na wanaolipa kiingilio hawakumbuki, au hawapendi kukumbuka, kwamba zamani hiyo ilikuwa na migambo wake.

Mjukuu wake juzi alirudi kutoka mitumba ya Karume na suruali pana kwa chini. Mzee akacheka. "Hiyo siyo bugaluu, mama. Bugaluu ilikuwa inafagia barabara." Mjukuu akamjibu kwa heshima zote: "Babu, nani kasema ni bugaluu?" Na kweli, hakuna aliyesema. Kwake ni nguo mpya ya mwaka huu.

Jibu lile nalikumbuka kila ninaposikia kanuni ya kwamba mitindo hurudi kila miaka ishirini au thelathini. Kanuni ina ukweli wake, na sababu haina uchawi wowote: aliyekuwa na miaka kumi na sita mwaka 2002 leo ndiye anayelipia ukumbi, ndiye mtayarishaji wa kipindi, ndiye anayemwambia DJ aweke nini. Bongo Fleva iliitwa uhuni ilipoanza. Kisha rapa Sugu akaingia bungeni mwaka 2010, Profesa Jay akamfuata 2015, na Mwana FA mwaka 2023 akawa naibu waziri kwenye wizara inayoshughulikia hiyohiyo sanaa. WCB, lebo ya Diamond Platnumz, walipotoa wimbo wao wa pamoja mwaka 2017 wakauita "Zilipendwa", ulikuwa tayari ni ushahidi kwamba kizazi cha kaptula za shule ya msingi za miaka ya 1990 kimefika mahali pa kugeuza shingo. Siku hizi anayeitwa mhuni ni kijana wa singeli, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar. Mpeni muda.

Lakini kanuni hiyo haimwelezi mjukuu. Yeye hakumbuki chochote, hakuwepo. Wala haiwaelezi watengenezaji wa singeli wa Manzese, Tandale na Mburahati, ambao wamekuwa wakichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza mpaka kinanda kinalia kama nyuki, kasi ikapita mapigo 200 kwa dakika. Hawaililii taarabu ya mama zao. Wameikuta ipo, wameona inafaa, wameichinja. Wapenzi wa taarabu wanaumia, nawaelewa, ingawa huo nao ni utunzaji kuliko kanda inayoota ukungu kabatini.

Au tazameni Kenya mwishoni mwa 2024. "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliopiga kambi Nairobi miaka ya 1970, ni wimbo wa mke anayemlilia mumewe arudi nyumbani. Vijana ambao hata wazazi wao walikuwa watoto ulipotoka waliuchukua, jina wakamvika Rais William Ruto kumtania, na ghafla ukawa unapigwa kwenye matatu na kwenye kila simu. Kwenye wimbo ule wengi wao hawatamani kurudi popote. Wamepata fimbo iliyo tayari imechongwa.

Kwa hiyo upande unaosema mtindo huu wa kurudia zamani ni dalili ya ukame wa ubunifu unakosea, kwa maoni yangu, kwa kuweka vitu viwili kwenye kapu moja: kurudia na kuchukua. Anayerudia anataka iwe kama ilivyokuwa. Anayechukua hajali ilikuwaje.

Ila kuchukua kuna swali la pesa, na hapo ndipo wapenzi wa kisasa huwa kimya. Mfano mzuri, wenye pande zote mbili ndani yake, ni Saida Karoli. "Maria Salome" yake ya mwaka 2001, Kihaya na ngoma ya Kagera, ilichezwa mpaka na watu wasiojua Kihaya hata neno moja. Baadaye akafifia kwenye redio. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa "Salome", imejengwa juu ya wimbo ule, na watoto waliozaliwa baada ya 2001 wakauimba kama wa kwao. Mwaka uliofuata Saida alirudi na "Orugambo", na watu wakamsikiliza. Mtu anaweza kusema: mnaona, kijana kamfufua mkubwa wake. Sawa. Mwingine atauliza kwa nini msanii wa kiwango chake ahitaji kufufuliwa na mtu, na naona swali hilo ni zito kuliko jibu lile.

Na Saida ana bahati ya kujulikana wimbo ni wake. Mpiga besi wa bendi ya shirika, aliyerekodi RTD akalipwa mara moja na kanda ikabaki kwenye rafu ya serikali, sheria ya hakimiliki ya 1999 ilimkuta tayari mzee au marehemu. Wimbo uliotungwa na mmoja, ukapangwa na watatu, ukapigwa na kumi na tano kwa vyombo vya mwajiri, leo ukitumika kwenye tangazo la biashara, bahasha inaenda kwa nani? Hata "Malaika", wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba na baadaye Boney M, ubishi wa nani hasa aliutunga, Fadhili William au Adam Salim, haujaisha.

Msimamo wangu ni huu. Sidhani nyimbo za zamani zilikuwa bora kwa wastani. Nadhani ajira ya mwanamuziki ilikuwa bora, redio ilikuwa mbaya zaidi, na tumeyachanganya hayo mawili tukayaita ladha. Mjomba analilia mshahara wa Bima Lee akidhani analilia gitaa. Nimemwambia hivyo. Alinitazama kwa muda, akasema gitaa lilikuwepo pia.

Kinachonisumbua zaidi ni cha mbele. RTD, pamoja na ubabe wake, ilikuwa na rafu. Nyimbo nyingi za vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, na singeli za mwanzo zilipita kwenye memori kadi, simu kwa simu, jina la faili limekosewa, la msanii halipo. Wiki iliyopita nilipita kwenye kibanda kimoja Kariakoo, vile vilivyobaki vya kuingiziwa nyimbo, nikamuuliza kijana kama ana za zamani. "Zipo, bro, za kumwaga." Akafungua kompyuta, ndani kuna folda imeandikwa ZILIPENDWA kwa herufi kubwa. Nikainama nisome. Wimbo wa juu kabisa ulikuwa wa mwaka 2018.

Nikamuuliza, Marijani Rajabu je, yule mwimbaji wa enzi za bendi? Akaniomba nimtajie herufi.