Taa ya buluu kwa mtoto wa manjano: iwashwe lini?

Mtoto wa siku tatu, macho yameingia umanjano. Muuguzi anataka alazwe chini ya taa. Bibi anasema mtoeni jua la asubuhi, ndivyo tulivyolea. Jirani anasema wa kwake alipona bila chochote. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na anayetakiwa kuamua ni mzazi ambaye hajapata usingizi tangu uchungu uanze.

Jina lisituchanganye: haya si homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Chembe nyekundu za damu ya mtoto mchanga ni nyingi na huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima. Zikivunjika hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini, na ini lake bado halina kasi ya kuitoa. Ndiyo maana takribani watoto 60 kati ya 100 waliotimiza miezi, na 80 kati ya 100 walio njiti, hugeuka manjano wiki ya kwanza. Wengi hupona wenyewe. Hapo jirani yuko sahihi. Lakini kwa wachache bilirubini hupanda hadi kupenya kwenye ubongo, na ikituama huko huacha uziwi na mtindio wa ubongo. Hakuna dawa ya kurudisha kilichoharibika.

Bibi naye hakosei kuhusu nguvu ya jua. Tiba yenyewe ilianzia juani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi aliyeitwa Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti nje siku za joto. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima, isipokuwa pembetatu ya ngozi iliyobaki manjano. Pale ndipo pembe ya shuka ilipokuwa imemfunika. Baadaye chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani penye jua ilipopimwa, bilirubini yake ilikuwa imeshuka. Mwaka 1958 daktari Cremer na wenzake wa hospitali hiyo wakachapisha matokeo ya taa waliyoitengeneza. Mwanga wa buluu hubadilisha umbo la bilirubini iliyo ngozini, ikaweza kutoka kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini likomae. Si mionzi ya urujuanimno, kama wengi wanavyohofia.

Uzito wa ugunduzi huu unaonekana ukikumbuka kilichokuwepo kabla yake: kubadilisha damu ya mtoto, kidogo kidogo kupitia mshipa wa kitovu, kazi ya hatari ambayo baadhi ya watoto hawakuivuka. Leo bado hufanyika, ila kwa nadra pale penye taa nzuri.

Kwa nini basi isiwashwe kwa kila mtoto wa manjano? Kwa sababu ina gharama. Mtoto huvuliwa nguo, hufungwa macho, hupoteza maji, na mara nyingi hutengwa na mama katika siku zilezile maziwa yanapoanza kutoka. Asiponyonya vya kutosha hapati choo, na bilirubini iliyoko tumboni hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Taa iliyowashwa bila haja inaweza kuzidisha tatizo lilelile.

Ushahidi unaonisumbua zaidi ni wa watoto wadogo mno. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya karibu watoto 2,000 waliozaliwa na uzito usiozidi kilo moja, nusu wakiwashiwa taa mapema na nusu wakisubiri kiwango cha juu zaidi. Walipojumlisha vifo na ulemavu, makundi hayakutofautiana. Ulemavu ulipungua kwa waliowashiwa mapema, lakini kwa wale wa gramu 501 hadi 750 waliofariki walikuwa 39 kati ya 100, dhidi ya 34 kwa waliosubirishwa. Huenda tofauti hiyo ilitokea kwa bahati tu. Hata hivyo inatosha kumzuia mtu kusema taa haina madhara kamwe. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipandisha kidogo viwango vya kuanzia tiba kwa watoto waliotimiza au kukaribia kutimiza miezi.

Mimi nasimama upande wa taa, lakini taa iliyoamuliwa na kipimo. Jicho hudanganya, hasa kwa ngozi nyeusi na chini ya balbu hafifu. Namba nayo haina maana bila saa: miligramu 12 kwa desilita moja ya damu saa 24 baada ya kuzaliwa ni jambo la haraka, lakini kwa mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi, siku ya nne, huwa chini ya kiwango cha kuwashiwa. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza yasisubiriwe kabisa, kwani huenda damu ya mama na ya mtoto hazipatani. Na choo kikiwa cheupe kama chokaa, taa si jibu. Njia ya nyongo ichunguzwe upesi.

Taa yenyewe pia ipimwe. Mirija ya zamani hupoteza nguvu muda mrefu kabla ya kuzimika, na ikitundikwa mbali mtoto huangaziwa rangi ya buluu bila kupata tiba. Hapo ametengwa na mama yake bure. Jua la uani lina kasoro hiyohiyo, tena huunguza, na hakuna ajuaye kipimo alichopata mtoto. Ila halijafutwa: utafiti wa Nigeria uliotolewa 2015 ulionyesha kuwa jua lililochujwa kwa turubai maalumu, chini ya uangalizi wa wauguzi, lilifanya kazi sawa na taa za kawaida. Kinachoua ni kuotesha jua nyumbani siku mbili huku bilirubini ikipanda.

Wazazi waambiwe jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Kama hali si ya hatari kubwa, mtoto anaweza kutolewa kwenye taa kwa nusu saa hivi anyonye, abadilishwe nepi, apakatwe. Nimewaona wamesimama pembeni, mikono nyuma, wakidhani kumgusa ni kuharibu tiba. Mama aliyeambiwa mapema humnyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu, na kila choo anachopata mtoto hutoka na bilirubini yake.