Beki golini: AFCON ya korona ilimtendea nani haki?

Saa 4 usiku ya tarehe 24 Januari 2022, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Komoro waliingia Uwanja wa Olembe jijini Yaoundé na kipa ambaye si kipa. Chaker Alhadhur ni beki wa kushoto, wakati ule akiichezea Ajaccio ya Ufaransa. Walimvika jezi ya golini, na mgongoni namba yake, 3, ikawa imebandikwa kwa utepe, kama vile mtoto wa mtaani anavyojitengenezea jezi ya timu aipendayo. Mbele yake wenyeji Kameruni, hatua ya 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, uwanja umejaa kelele.

Waliofuata mkasa ule watakumbuka ulivyofika hapo. Salim Ben Boina alikuwa ameumia kwenye mechi ya Ghana. Makipa wawili waliobaki, Ali Ahamada na Moyadh Ousseini, walipimwa wakakutwa na korona, na kocha Amir Abdou naye vilevile. Siku ya mechi shirikisho la Komoro likasema Ahamada amepimwa tena na hana kitu. Jibu likawa kwamba hajamaliza siku zake 5 za kujitenga. Na kanuni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliyotangazwa mashindano yakiwa mlangoni, haikuacha mwanya: timu yenye wachezaji 11 wazima inacheza, kama haina kipa, mchezaji mwingine atakaa golini, ikikosa hao 11, inahesabiwa kufungwa 2-0.

Dakika ya 7 Komoro wakapata kadi nyekundu juu ya hayo yote. Mechi ikaisha Kameruni wakishinda 2-1.

Tangu siku ile nimesikia hukumu mbili, na zote mbili naziona zimekatwa haraka. Ya kwanza ni kwamba AFCON ile haikupaswa kuchezwa kabisa, dunia ikiwa bado inahangaika na Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona. Ya pili ni kwamba kila aliyeikosoa alikuwa kibaraka wa vilabu vya Ulaya.

Tuanze na Ulaya, maana ndiko kelele zilikotoka. Desemba 2021 chama cha vilabu vya bara hilo kiliiandikia FIFA kikilalamika kwamba hakijaona mpango wa kutosha wa kujikinga na korona huko Kameruni, na kwamba bila huo wachezaji wangeweza kuzuiwa. Samuel Eto'o, aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa kuongoza shirikisho la soka la Kameruni, aliuliza swali ambalo sijasikia aliyelijibu vizuri: kwa nini Ulaya waliweza kucheza Euro, mashindano yao ya mataifa, katikati ya janga hilihilo na mashabiki viwanjani, halafu Kameruni wasiweze? Fainali ya Wembley, Julai 2021, ilikuwa na watu zaidi ya 60,000. Mshambuliaji wa Ivory Coast Sébastien Haller na kocha Patrick Vieira nao walizungumzia heshima ambayo mashindano ya Afrika hunyimwa. Hapo walikuwa sahihi. Kama tatizo ni kirusi, kirusi hakiangalii bendera.

Kuna na historia. Kameruni walikuwa waandae AFCON ya 2019 wakanyang'anywa Novemba 2018 kwa sababu ya maandalizi, ikaenda Misri. Wakapewa ya 2021, ikasogezwa mbele kwa ajili ya korona mpaka Januari 2022. Kuisogeza tena kungekuwa kuwaambia watu waliojenga viwanja kwa miaka kwamba zamu yao haitafika. Na mapato ya AFCON ndiyo chakula kikuu cha CAF. Mashirikisho madogo huishi kwa mgao huo. Wakubwa wa Ulaya wana ligi za televisheni za kila wiki. Komoro hawana.

Upande wa pili nao una uzito, na si wa vilabu vya Ulaya peke yao. Waliochanjwa Kameruni wakati ule walikuwa wachache sana, hawafiki 10 kwa kila watu wazima 100. Timu 24 na misafara yao ziliingia nchini kutoka kila pembe, na Euro tunayoitolea mfano ilichezwa kwenye nchi ambazo chanjo zilikuwa zimeshasambaa. Kwa hiyo swali la Eto'o ni zuri kuhusu heshima, ila kuhusu afya halifungi mjadala. CAF wenyewe walilijua hilo ndiyo maana wakaweka masharti: viwanja vijae asilimia 60 tu, 80 Kameruni wakicheza, na shabiki aje na cheti cha chanjo pamoja na majibu ya kipimo. Mechi nyingi za makundi zikachezwa mbele ya viti vitupu.

Mimi nipo upande wa waliosema ichezwe. Ninapoachana nao ni kwenye kanuni ya watu 11.

Kwenye Euro 2020, hiyo iliyochezwa 2021, shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, liliweka sharti la wachezaji 13, na lazima mmoja wao awe kipa. Timu isipofikisha idadi hiyo, mechi ingeweza kusogezwa ndani ya saa 48. Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo Desemba ile ile ilikuwa inaahirisha mechi ovyo, nayo ilitaka wachezaji 13 wa uwanjani na kipa. Copa América ya 2021, mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini, huko Brazil ilikosolewa kuliko zote, kwa sababu nchi ilivuka vifo 500,000 mashindano yakiendelea, lakini hata kule kulikuwa na mlango wa kutokea: Venezuela walipokutwa na maambukizi 12 kabla ya mechi ya ufunguzi, waliita watu wapya kutoka nyumbani wakaingia uwanjani na timu kamili. Wote hao walikubaliana juu ya jambo ambalo mtoto anayecheza chandimu analijua, kwamba golini ni kazi yenye fundi wake.

CAF walikuwa na hoja. Mechi 52 ndani ya siku 29 haziachi nafasi kubwa ya kuahirisha. Zaidi ya hapo, ukishasema timu isiyo na kipa inaahirishiwa mechi, umewapa watu wajanja silaha, na soka letu lina wajanja wa kutosha. Machi 2021, huko Freetown, mechi ya mwisho ya kufuzu kati ya Sierra Leone na Benin haikuchezwa kabisa, kwa sababu muda mfupi kabla ya kuanza Benin waliambiwa baadhi ya wachezaji wao wana korona, nao wakakataa majibu yale. Ikaja kuchezwa Juni, Conakry, Guinea, na Sierra Leone wakashinda 1-0 na kufuzu. Sijui nani alikuwa mkweli Freetown. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hakuna timu ya ugenini Afrika iliyopokea majibu ya kipimo bila kuguna. Burkina Faso waliguna kabla ya mechi ya ufunguzi dhidi ya Kameruni, wakapoteza 2-1. Hivyo kanuni ngumu isiyo na mjadala ilikuwa, kwa kiasi fulani, dawa ya kutoaminiana.

Tena ilimgusa kila mtu, si wanyonge pekee. Senegal walianza mashindano bila kipa wao Édouard Mendy wala beki Kalidou Koulibaly, wote wakiwa na korona, wakawafunga Zimbabwe 1-0 kwa penalti ya dakika za nyongeza. Tarehe 6 Februari wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao, kwa penalti 4-2 dhidi ya Misri.

Ila angalia tofauti. Senegal walipomkosa Mendy walikuwa na makipa wengine. CAF iliruhusu kikosi kifike wachezaji 28 badala ya 23, lakini gharama ya hao 5 wa ziada ilibebwa na shirikisho lenyewe. Kwa tajiri hiyo ni tiketi 5 za ndege. Kwa visiwa visivyofika watu milioni moja, vikicheza AFCON kwa mara ya kwanza, ni hesabu ya kukaa chini na kalamu. Kanuni moja kwa wote si lazima iwe mzigo sawa kwa wote.

Na kalenda, kisingizio kikubwa, tuikague. Hatua ya 16 bora ilichezwa Januari 23 hadi 26. Robo fainali zilianza tarehe 29. Tarehe 27 na 28 hakukuwa na mechi hata moja. Mechi ya Kameruni na Komoro ingesogezwa siku 2, ingeangukia tarehe 26, siku ileile Misri walipocheza na Ivory Coast. Pengine Ahamada bado angekuwa hajaruhusiwa. Lakini siku 2 zinatosha kumpandisha kipa mwingine ndege, kama kanuni ingekubali mbadala. Nafasi ilikuwepo. Utayari ndio uliokosekana, na mwenyeji akiwa ndiye anayefaidika, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutafuta.

Kwa watu wa mwambao jambo hili lina uchungu wa pekee. Kishikomori na Kiswahili ni ndugu wa damu. Mngazija, mtu wa kisiwa kikubwa cha Komoro, akiongea taratibu Unguja au Mombasa utaokota nusu ya maneno yake. Wakenya wana sababu nyingine ya kuwakumbuka: Novemba 2020, katika kundi la kufuzu, Harambee Stars walitoka nao sare 1-1 Nairobi, siku chache baadaye wakafungwa 2-1 kule Moroni. Wengi waliicheka Kenya kwa kufungwa na kisiwa. Baadaye kisiwa hicho kikaifunga Ghana 3-2 mjini Garoua na kuitupa nje ya mashindano, kicheko kikapungua.

Sijaligusa jambo zito kuliko yote la usiku ule. Nje ya Olembe, kabla ya mechi, mashabiki walikanyagana langoni. Watu 8 walikufa na 38 wakajeruhiwa. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema kesho yake kwamba geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa, bila sababu inayoeleweka. Robo fainali iliyopangwa pale ikahamishwa. Kwa wiki kadhaa ubishi ulikuwa juu ya barakoa, vyeti na vijiti vya kuingiza puani. Kilichoua kikawa geti, hatari ya zamani ambayo viwanja vyetu vimeijua kabla ya korona kuwa na jina. Wanaopinga mashindano wameuchukua msiba huo kama ushahidi wao. Siwafuati hapo. Mpango wa kuingiza watu uwanjani unapaswa kuwepo hata mwaka usio na janga lolote. Lakini siwezi pia kuwasikiliza wanaosema AFCON ile ilifana, wakaishia hapo.

Alhadhur, kwa taarifa yako, hakufungwa goli la aibu hata moja. Karl Toko Ekambi alimpita dakika ya 29, Vincent Aboubakar dakika ya 70, na katikati akaokoa mipira ambayo kipa wa kweli angeisifia. Komoro wakiwa 10, dakika ya 81, Youssouf M'Changama aliuweka mpira chini mbali kabisa na goli, akaupiga kwa mguu wa kushoto ukaingia juu kabisa kwenye kona. Kipa wa Kameruni, mwenye glavu na ujuzi wa kazi, aliruka akaukosa.