Tishari kuwa hoteli? Sawa, ila msikifute chumba cha tezini

Wapo wanaocheka wakisikia kuna watu wanalipa maelfu ya yuro ili wasafiri kwa mwendo wa mguu. Ndivyo mambo yalivyo kwenye Mfereji wa Bourgogne, Ufaransa: wiki nzima juu ya tishari la zamani, chombo bapa cha kubebea mizigo, lililokarabatiwa, lenye mpishi na nahodha wake. Abiria akichoka kukaa, hushuka na baiskeli, akanunua jibini kijiji cha mbele, kisha akalisubiri tishari limfikie.

Mimi siwacheki. Mfereji huo uliofunguliwa 1832 una kilomita 242 na malango ya maji 189. Kwenye kila lango tishari huingia kati ya kuta mbili, hufungiwa humo, kisha maji hujazwa au kupunguzwa mpaka yalingane na ya upande wa pili. Haraka utaipata wapi?

Halafu kuna vipimo. Mwaka 1879, waziri Charles de Freycinet aliweka kipimo kimoja cha malango: urefu mita 39, upana mita 5.2. Wajenzi, kwa kutaka shehena kubwa iwezekanavyo, wakaunda matishari ya mita 38.5 kwa 5.05. Piga hesabu: kila ubavu haubakiwi hata na sentimita 8! Nahodha anayeliingiza bila kukwaruza ukuta namvulia kofia.

Shehena ilipohamia kwenye reli na malori, matishari mengi yakaishia kuwa chuma chakavu. Kwa hiyo palipokaa makaa ya mawe na nafaka pakiwekwa vitanda na bafu, sina ugomvi. Bora hivyo kuliko msumeno.

Ugomvi wangu ni huu. Tezini, yaani nyuma ya chombo, palikuwa na chumba kidogo alimoishi mwenye tishari na mkewe na watoto. Kabla ya injini, asiyekuwa na farasi alilivuta mwenyewe kutoka ukingoni, mkanda begani, na mara nyingi mke na watoto walivuta pamoja naye. Vipeperushi vya safari hizi vimejaa divai na makasri. Familia hizo huzioni. Conflans-Sainte-Honorine, karibu na Paris, kuna makumbusho yao, lakini huko ni mbali na Bourgogne.

Ningekuwa na tishari langu, chumba hicho ningekirudisha kilivyokuwa, na kila mgeni ningempitisha humo kwanza, kabla ya glasi ya kwanza. Wakilalamika kwamba ni kidogo, vizuri.